Lindo Hupangwa Mapema



Vyuo vikuu vinapoitisha mikutano juu ya utafiti wa afya ya jamii, wako wanaodhani kuwa ni baraza la wasomi, lenye maneno mengi na matendo haba. Yaliyotokea katika nchi jirani ya Uganda yanakanusha dhana hiyo.

Tarehe 20 Septemba, 2022, Uganda ilitangaza kuzuka kwa Ebola ya aina ya Sudan katika Wilaya ya Mubende. Chanjo iliyothibitishwa haikuwapo. Zile za majaribio ziliwasili Desemba, wakati mgonjwa wa mwisho amekwisha ruhusiwa kwenda nyumbani. Wagonjwa 55 waliothibitishwa walikuwa wamefariki.

Adui huyo alirejea. Tarehe 30 Januari, 2025, alitangazwa mjini Kampala, naye muuguzi mmoja amekwisha poteza maisha. Lakini safari hii Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda na Shirika la Afya Duniani walikuwa tayari. Utaratibu wa majaribio ulikwisha andikwa, na chanjo zilikuwa ghalani. Siku 4 baada ya tangazo, uchanjaji wa majaribio ulianza.

Je, tofauti hiyo ililetwa na bahati? Hata kidogo. Ililetwa na ushirikiano uliojengwa wakati wa utulivu. Askari analielewa jambo hili barabara: lindo halipangwi adui akiwa mlangoni. Na maradhi, yafikapo mpakani, hayaonyeshi pasi.