Umbali wa Kwenda na Umbali wa Kurudi



Kuna hoja inayorudiwa mno katika fani ya upimaji, na jioni hii nimekuja kuipinga. Inasema umbali halisi ni mmoja tu: mstari ulionyooka kati ya pointi mbili, unaohesabiwa kwa mita. Tukitaja mwendo wa siku mbili au ndugu wa mbali, eti tunasema kwa mafumbo. Kwamba wazee wetu walipima safari kwa siku, sina haja ya kulithibitisha hapa. Mwenye shaka asome Maisha ya Tippu Tip, tawasifu ya mfanyabiashara wa misafara. Ninachobishia ni hilo neno "halisi".

Watetezi wa hoja hii huegemea hisabati, na hisabati ndiyo inayowaangusha. Mwaka 1906 mwanahisabati Maurice Fréchet aliwasilisha tasnifu yake Paris. Hakuuliza umbali ni mita ngapi. Aliuliza kitu kitimize masharti gani ndipo kistahili kuitwa umbali. Masharti yenyewe ni machache: umbali usiwe sifuri ila pale pointi mbili zinapokuwa moja, kutoka A hadi B kuwe sawa na kutoka B hadi A, na kupitia pointi ya tatu kusiwe kufupi kuliko kwenda moja kwa moja. Basi. Yakitimia hayo, unaweza kupima umbali hata kati ya mistari miwili iliyopinda. Kila nikiisoma kazi hii nastaajabu ujasiri wake: mita haikupewa kiti cha mbele. Anayesema mita pekee ndizo halisi hajatumwa na wanahisabati.

Hata hivyo, sharti la pili linanisumbua, na lilianza kunisumbua kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, Shinyanga. Nilisimama mdomoni mwa duara, yaani shimo la wachimbaji, kifaa cha satelaiti mkononi, nikipima umbali hadi duara la jirani. Msimamizi aliipokea namba yangu kwa heshima, kisha akaniomba niinamishe sikio. Kutoka ndani ya mwamba ilikuja sauti ya nyundo isiyo ya vijana wake. "Mwalimu, hao wameshatufikia," akasema. Juu palikuwa na nafasi ya kupita gari. Chini, ukuta tu. Ukitobolewa huo, unafuata ugomvi wa mawe ni ya nani, pengine na kifusi. Kando yetu kiroba kitupu kilishuka kwa uzito wa kamba. Kilipojaa mawe, wanaume wawili walikivuta wakihema. Futi ni zilezile. Nani atadai kwamba kushuka na kupanda ni umbali mmoja?

Nitajibiwa kwamba huo ni uchovu, si umbali. Basi nielezwe mita za sheria na sera zetu zimetoka wapi. Sheria ya Madini ya Tanzania ya 2010 inataka uchimbaji ukae mita 200 kutoka kwenye nyumba, isipokuwa kwa idhini ya maandishi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka mtoni. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka maji yapatikane ndani ya mita 400. Hakuna aliyezichagua kwa kuipenda mita. Kila namba inamwakilisha mpitaji: vumbi, zebaki, mama mwenye ndoo. Mama huyo huenda na ndoo tupu na kurudi na lita 20, yaani kilo 20 kichwani. Zebaki nayo hufuata mteremko. Mwalo, yaani mahali pa kuoshea mawe ya dhahabu, ulioko mteremkoni mita 60 kutoka kwenye kijito haulingani hata kidogo na ulioko tambarare kwa mita hizohizo.

Nakiri kwamba bila mita kesi za mipaka hazingekwisha, na wapimaji wetu wanafanya kazi ngumu. Lakini umbali usio na mpitaji siukubali kuwa umbali. Kwa hiyo naomba kila namba ya umbali inayoandikwa kisheria ieleze nini kinapita na kinaelekea wapi. Kwa machimbo tuanze hivi: nafasi kati ya mwalo na mto ipangwe kwa kuangalia mteremko wa maji, na mchoro wa leseni uonyeshe maduara yanavyopinda chini, si pembe za juu peke yake.