Tunaodai majibu, tujibu kwanza sisi wenyewe



Leo hatukuja kusema juu ya gavana, wala juu ya meya, wala juu ya maji yenye haitoke ku robine. Leo tunajisemea sisi wenyewe.

Wote munajua ile grupu yetu ya WhatsApp ya vijana wa kazi: walimu, waganga, wanasheria, waandishi wa habari, mafundi. Watu wako Bunia, Butembo, Kisangani, mupaka Lubumbashi. Mwalimu anauliza namna ya kudai mshahara wenye haujafika, mwanasheria anamujibu bure. Ni kitu kizuri, tuliijenga pamoja, na hatutaki ivunjike.

Lakini kuna siku tuliharibu. Dada mmoja, muganga, aliandika mule kwamba ndugu mmoja alichukua namba yake ndani ya grupu na sasa anamwandikia usiku maneno yenye hakutaka. Huyo ndugu alikuwa wa zamani. Tulimupenda. Tulishalala naye kasho moja kisha maandamano. Sisi tulifanya nini? Tulifuta mesaji ya dada. Tukamwambia: mambo hayo tutaongea pembeni. Pembeni hakuna mtu aliyeongea naye. Kisha juma mbili akatoka. Wadada wengine wawili wakamufuata, na sisi tukaendelea kutumiana picha za mikutano.

Tunasema wazi: tulikosa. Kufuta ile mesaji ilikuwa kosa. Kunyamaza kisha kufuta ilikuwa kosa kubwa zaidi.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006 kinasema kila Mukongomani ana haki ya kuandikia wakubwa wa Leta barua ya madai, peke yake ao pamoja na wengine, na wao wanapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Sisi tunakijua kwa kichwa. Tunapopeleka barua ku biro, tunabeba nakala mbili, na hatutoke pale mupaka moja irudi na muhuri. Sasa yule dada, muhuri wake uko wapi? Leta tunaihesabia siku. Yeye, nani alimuhesabia?

Kwa hiyo, kuanzia sasa, hivi njo tutafanya.

Malalamiko itapokelewa na watu wawili, na mmoja wao lazima awe dada. Hawatakuwa maadmini. Ndani ya saa 24 mwenye kulalamika anapata jibu kwamba tumeipata: huo njo muhuri wake. Ndani ya siku 7 anaambiwa tulichoamua na sababu yake. Mwenye kushitakiwa naye anasikilizwa, juu hata ku tribinali mtu hahesabiwi kuwa na kosa mbele ya hukumu. Lakini wakati tunasikiliza, haruhusiwi kumwandikia yule aliyelalamika, hata mesaji ya kuomba pole. Na rafiki wa karibu wa mmoja wao anakaa pembeni, hata kama ni mmoja wetu.

Kuna mesaji zenye tutafuta palepale: chuki ya kabila, picha za maiti, majina na mahali pa watu wenye kujificha, na kumwita mtu mpelelezi bila ushahidi. Huku kwetu munajua. Mesaji moja inaweza kuleta watu mlangoni kwa mtu usiku uleule. Lakini hata hapo, mwenye kuandika ataambiwa kwa nini tumefuta, na nakala moja itahifadhiwa ili aweze kulalamika.

Kuna pia zenye hatutafuta. Mtu akiandika kwamba tumekula franga ya mchango, tutaleta hesabu. Akisema uamuzi wetu ni mubaya, tutamujibu. Kifungu cha 23 cha uhuru wa kusema, chenye tunachoimba barabarani, hakibaki nje ya mlango wa grupu yetu.

Mwenye kutolewa ana siku 15 za kupinga, na watakaomusikiliza watakuwa wengine, si wale waliomutoa. Kila mwisho wa mwezi tutasema hesabu: malalamiko ngapi ilifika, ngapi ilijibiwa, ngapi ilichelewa. Majina hapana.

Wengine kati yenu mumesema: hii ni mambo ya biro, sisi ni harakati ya raia, hatuna mukubwa. Tunawasikia. Lakini kukosa mukubwa si kukosa mwenye kujibu. Pasipo kanuni, mukubwa ni yule mwenye kushika simu yenye inaweza kufuta, na huyo hatukumuchagua.

Yule dada tulimutafuta. Tulimuomba samahani bila kuongeza «lakini». Hajarudi, na hatumulazimishe. Alituuliza kitu kimoja tu: mwingine akiandika kesho, mutamujibu? Tulimwambia ndiyo. Hiyo ndiyo hatuwezi kuibeba sisi wachache peke yetu.

Tunatafuta watu wawili wa kupokea malalamiko, na wawili wengine wa kusikiliza wenye kupinga. Hakuna malipo, hata mega hatulipe. Mwenye kutaka ao mwenye kumujua mtu wa kuaminika, atoe jina mbele ya Siku ya Posho. Tutachagua mbele ya wote.