Ukiisha Kununua Nyumba Yako ya Kwanza

Jioni hii twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo wachache hulifikiri kabla halijawafika. Mtu akiisha kununua nyumba yake ya kwanza, na ufunguo akiisha kuupokea mkononi, aanze na kazi gani? Juu ya namna ya kuipata nyumba watu husema sana: kuweka akiba, kumtafuta mwuzaji mwaminifu, kupatana bei. Lakini siku ya pili yake, mtu asimamapo ukumbini mwake na fedha kidogo iliyobaki, hapana amwambiaye neno.

Sisi tusemao nanyi ni mume na mke. Hatusemi kama mabingwa wa sheria wala mafundi wa ujenzi, bali kama watu waliokosea kisha wakajifunza. Nyumba yetu tuliinunua Tanga, mtaa wa Ngamiani. Ni nyumba ya namna ijulikanayo sana pwani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma wenye jiko, choo na kisima. Kuta zake ni za miti na udongo, na paa ni la mabati. Fedha yake tuliiweka kwa muda wa miaka 11.

Siku tulipoingia tulifanya nini? Tulinunua chokaa tukapaka kuta zote, tukanunua mapazia, tukawaalika jamaa, tukala pilau. Wakati huo hati ya nyumba ingali kwa jina la mzee aliyetuuzia, na misumari ya paa imekwisha kulegea kwa kutu. Mambo hayo mawili twayataja pamoja, maana yote mawili nusura yatutoe katika nyumba ile.

Tulikuwa na karatasi ya mauziano, ambayo mzee alitia sahihi mbele ya mashahidi, nasi tukadhani yatosha. Mwezi wa pili mzee akafariki. Wanawe wawili, ambao hawakuwapo siku ya mauzo, wakaja kutuuliza kwa adabu, tunakaa humo kwa haki gani? Hawakuwa watu wabaya. Daftari la serikali ndilo lililosema kwamba nyumba ni ya baba yao, na mama yao hakutia sahihi mahali po pote. Kama mama yule angalinyamaza, sijui leo tungalikuwa wapi, lakini aliwaita wanawe akawaambia mbele yetu, "Fedha niliiona kwa macho yangu. Ndiyo iliyomtibu baba yenu." Hata hivyo hatukuweza kuhamisha hati mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, naye atie sahihi mahali pa marehemu. Ilichukua miezi 14. Tuliokolewa na uaminifu wa mjane, wala si kwa akili zetu.

Basi kazi ya kwanza ni karatasi, kwa kuwa ndizo ziruhusuzo kazi nyingine zote. Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kwa amana ya wananchi wote. Raia hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo anunuaye nyumba yenye hati hununua na haki hiyo, na haki hiyo haijawa yake sawasawa mpaka uhamisho umeandikwa katika daftari la msajili. Sahihi ya mwuzaji na mashahidi ni mwanzo wa safari, si mwisho wake. Anunuaye kijijini naye asidhani kwamba yeye hahusiki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo yamtaka apate idhini ya halmashauri ya kijiji.

Tena kuna jambo tulilolisahau sisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Kwa hiyo mtake mke wa mwuzaji, au mume wake, atie sahihi naye. Na ninyi wanunuzi, kama mmeichuma fedha pamoja, majina yenu yote mawili na yaandikwe katika hati. Kisha ulizeni kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, maana ni deni la kila mwaka. Na stakabadhi zote ziwekeni katika sanduku la bati, mahali pasipofikiwa na mvua wala mchwa.

Kazi ya pili ni paa. Katika ile miezi 14 hatukuthubutu kupigilia hata msumari mmoja, tukiogopa kutumia fedha katika nyumba ambayo pengine ingechukuliwa. Masika hayakutungojea. Usiku mmoja, baada ya mvua ya siku tatu, ukuta wa chumba cha nyuma ulianguka ndani, juu ya kitanda cha mtoto wetu. Mtoto hakuwamo. Jioni ile maji yalikuwa yakimdondokea usoni, mama yake akamhamishia kwetu. Chokaa yetu nyeupe tuliikuta sakafuni, imechanganyika na matope. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuliujenga ule ukuta, na gharama yake ilizidi mara nyingi bei ya misumari.

Kulipima paa hakuhitaji elimu kubwa. Ingia chumbani saa sita mchana, funga madirisha na mlango, kisha tazama juu. Kila mahali uonapo nukta ya mwanga, maji nayo yatapita. Mvua ya kwanza ikinyesha, zunguka vyumba vyote na taa, ukitia alama ya mkaa chini ya kila tone. Kukipambazuka fundi atajua pa kuanzia. Nje nako, tazama maji ya paa huangukia wapi. Yakituama chini ya ukuta wa udongo, yataula polepole kwa chini. Basi inua udongo kando ya ukuta uteremke kwenda mbali, na uchimbe mtaro. Nyumba zetu za pwani hupata mvua kubwa za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Anunuaye Januari ana wiki chache tu.

Tena maji yale yale ya paa ni mali. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Basi paa la mita 8 kwa 6 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 480, na ijapokuwa mengine hupotea, mengi yatafika katika pipa kama umeweka mifereji ya bati. Ninyi wanafunzi, ipimeni hesabu hii kwa paa la shule yenu.

Kazi ya tatu ni kisima na choo. Usikubali maji kwa sababu ni meupe tu. Pima kwa hatua kutoka kisimani hadi chooni, chako na cha jirani pia, maana uchafu chini ya ardhi haujui ua. Pasipungue mita 30. Kisima chetu kilikuwa hatua 12 tu toka choo cha jirani. Tangu siku tulipopima, maji yake twayatumia kufulia na kusuguliа sakafu, na ya kunywa twayateka kwingine, tena twayachemsha mpaka yatokote.

Hapo hapo uani tafuta maji yaliyotuama: kifuu cha nazi, mtungi uliovunjika, shimo alilochimba fundi akaliacha. Mwaka 1897 tabibu Ronald Ross, akiwa Uhindi, alikiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Tangu hapo twajua vema adui hutoka wapi. Katika nchi ya joto yai la mbu huwa mbu arukaye kwa muda wa wiki moja au mbili hivi. Basi ukimwaga na kufukia maji hayo kila wiki, wengi hufa kabla ya kuota mabawa. Na kila kitanda na kiwe na chandarua.

Kazi ya nne ni mchwa. Pita kila boriti, kila mwimo wa mlango, ukigonga kwa kifundo cha kidole. Mti mzima hujibu kwa sauti nzito. Ulioliwa hulia kama debe tupu. Ukiona vijia vya udongo vikipanda ukutani, vibomoe, kisha urudi baada ya siku chache. Vikiwa vimejengwa tena, mchwa wangalimo. Kupaka chokaa juu yake ni kumfichia mwizi.

Kazi ya tano ni vitasa. Hujui ni watu wangapi waliopewa ufunguo na mwenye nyumba wa kwanza, naye pengine hakumbuki. Badili kitasa cha mlango wa mbele na cha ua siku ile ile uingiapo.

Na kazi ya sita, nayo haina gharama, ni majirani. Waendee kabla hawajakujia. Tembea nao mipakani, mtazame mawe ya mpaka pamoja, kila mtu aseme alijualo. Mambo mengi yaliyofika barazani kwa hakimu yangaliisha asubuhi moja kwa kikombe cha kahawa. Usiku ule ukuta wetu ulipoanguka, jirani ndiye aliyekuja kwanza na taa, naye ndiye tuliyekuwa hatujamwamkia kwa wiki nzima tukishughulika na mapazia.

Chokaa basi ije lini? Ije mwisho, wala haina ubaya wo wote. Nyumba iliyopakwa hufurahisha macho, na mtu aliyejinyima miaka mingi anastahili kufurahi. Mwaka wa pili, hati ilipokuwa kwa majina yetu na paa limekazwa, tulinunua chokaa tena tukapaka upya. Mjane yule tulimwalika, akaja na wanawe wawili. Mkubwa wao ndiye aliyetushikia ngazi.

Kwa herini, wasikilizaji. Nyumba zenu na ziwe za amani.