MTANDAO UKIGOMA, TUANZE KUTAFUTA KOSA HAPA HAPA

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Jambo langu ni moja tu, nalo ni mtandao wa kompyuta. Siku hizi pamba ikishapimwa, orodha ya malipo huingizwa kwenye kompyuta, na fedha huja kwa benki au kwa simu. Mtandao ukikatika orodha haiendi, na mkulima anarudi nyumbani mikono mitupu. Hapo maneno huanza. Huyu anasema karani amekula fedha. Yule anasema kompyuta imekufa, ipelekwe Bariadi mjini kwa fundi. Wa tatu ananunua kifurushi kingine. Na kosa lenyewe bado halijatafutwa!

Sasa jamani, pampu ya kupulizia dawa ikigoma shambani tunaitupa? Hapana. Tunatazama kama ina dawa, halafu mpira, halafu ncha kama imeziba. Mtandao nao una njia yake. Unatoka kwenye kompyuta, unapita kwenye modemu au simu, unakwenda mnarani, ndipo unakwenda mbali. Basi tutafute kuanzia karibu, jambo moja moja.

KWANZA, simu. Kama kompyuta inapata mtandao kutoka kwenye simu, hebu fungua ukurasa kwenye simu hiyo hiyo. Ukifunguka, mnara ni mzima na kifurushi kipo. Kosa liko kati ya simu na kompyuta. Zima vyote viwili, subiri kidogo, washa tena. Kama ni modemu, ichomoe uichomeke kwenye tundu jingine.

PILI, kifurushi. Tazama kiasi kilichobaki, na tazama pia muda wake, maana kifurushi hufa kwa saa hata kama hukukitumia. Tena fahamuni kwamba kompyuta hula kuliko simu. Programu zake hujisasisha zenyewe bila kumwuliza mtu. Kwenye mipangilio yake pana mahali pa kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ikishaambiwa hivyo, hupunguza ulaji.

TATU, tarehe. Hili wengi hawalijui. Kompyuta ya zamani ina betri ndogo ndani ya kutunza saa. Betri hiyo ikichoka, kila umeme ukikatika kompyuta inarudi miaka ya nyuma. Hapo kurasa za benki na nyinginezo hukataa kufunguka, mtu akadhani mtandao ni mbovu. Tazama saa na tarehe kwenye kona ya kioo, uzisahihishe.

NNE, umeme. Ruta inayotumia betri ya sola iliyochoka hujizima na kujiwasha. Ukiona taa zake zinazima na kuwaka upya kila mara, tazama betri, chaja na waya kabla ya kulaumu kampuni.

TANO, mahali. Mawimbi ya simu hayapendi bati, kuta nene wala mawe makubwa kama haya yetu. Modemu iliyo kwenye kona chini ya bati inateseka. Isogeze dirishani, upande wa mnara, tena juu juu. Tazama na herufi zinazoonekana. E au 2G maana yake mtandao ni wa polepole sana. 4G ikija na kupotea, iweke kwenye 3G peke yake ujaribu, pengine itatulia.

SITA, saa. Jioni watu wengi wanatumia mnara mmoja, nao unaelemewa. Orodha ambayo haiendi saa 2 usiku huenda ikapita saa 11 alfajiri.

Tukimaliza hayo sita, ndipo tuseme kosa liko mbali. Na mbali ni mbali kweli! Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mtandao ulizorota Tanzania na nchi jirani. Sababu ilikuwa hitilafu ya nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku kama hiyo hata fundi hodari wa mjini hana la kufanya. Kumlipa ni kutupa fedha, na kumtukana karani ni kumwonea.

Lakini kama ni mnara wetu unaosumbua kila siku, tusinyamaze. Kwanza tupeleke malalamiko kwa kampuni tunayoilipa. Isipotusikiliza, tupeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Sasa tukienda kusema “mtandao wenu mbovu” tu, watatuuliza: siku gani, saa ngapi, mahali gani? Tutajibu nini?

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo matatu. La kwanza, daftari na kalamu vifungwe kwa kamba kando ya kompyuta. Kila mtandao ukigoma iandikwe tarehe, saa, herufi iliyoonekana, na lililofanyika. La pili, kila orodha ya malipo iwe na nakala ya karatasi kabla haijatumwa, mkulima aone jina lake na kilo zake. La tatu, asiitwe mtu mwizi kabla ya maswali sita kujibiwa. Akijibu yote na fedha bado hazionekani, hapo tumwulize kwa haki, tukiwa na daftari mkononi.

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu wengi walijifunza kusoma wakiwa na wajukuu. Kama wao waliweza herufi zote zile, sisi tutashindwa na E na 4G?

Mwenye swali aje, daftari liko mezani.