Mvueni Mgonjwa Soksi



Shosho yangu amechuma majani chai tangu ujana wake, miguu ndani ya gambuti. Jioni moja nilimwosha miguu kwenye karai, nikaona kisiginoni doa jeusi, kubwa kama punje ya njahi, kingo zake hazilingani. "Ni mwiba wa zamani huo, mjukuu wangu," akaniambia. Haukuwa mwiba. Ilikuwa melanoma, saratani inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi, na ilipotambuliwa ilikuwa imekwisha kupanda hadi kinenani, mtoki umevimba.

Wengi wetu hudhani huu ni ugonjwa wa Wazungu waliochomwa na jua. Kwetu sisi watu weusi hujificha zaidi pale jua lisipofika: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Bob Marley, ambaye sura yake tunaiona kwenye matatu, aligunduliwa nayo chini ya ukucha wa mguu mwaka 1977. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Linaloniuma ni yaliyofuata baada ya matibabu kuanza. Shosho alikwenda kliniki mara nne. Kila mara alipimwa presha, akatolewa damu, akapigwa picha ya kifua. Soksi hazikuvuliwa hata siku moja. Saratani ikishasambaa mwilini, ngozi husahaulika, na hilo ni kosa kubwa.

Kuna vidonge vya melanoma iliyosambaa, kwa mfano vemurafenib, kwa wagonjwa ambao uvimbe wao una hitilafu katika jeni iitwayo BRAF. Vidonge hivyo vinaweza kuinyausha melanoma huku vikiamsha saratani ya ngozi ya aina nyingine. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, iliwatokea wagonjwa 18 kati ya kila 100. Mara nyingi huanza kama chunjua lenye gamba gumu. Likionekana mapema hukatwa, na mgonjwa kwa kawaida huendelea na dawa yake. Ndiyo maana maelekezo ya dawa hiyo yanataka ngozi ikaguliwe kabla ya kuanza, kisha kila baada ya miezi 2, na ikiwezekana hadi miezi 6 baada ya kuacha.

Wapo pia wanaotundikiwa dawa za kuchochea kinga ya mwili. Baadhi yao hutokwa na upele, wengine hupata mabaka meupe kama mbalanga. Jirani asiseme mtu amerogwa. Ni kinga inayoshambulia chembe za rangi, na daktari anapaswa kuyaona mabaka hayo.

Madaktari wa ngozi ni wachache huku kwetu, najua. Lakini macho ya nyumbani tunayo. Mara moja kwa mwezi mketishe mgonjwa karibu na dirisha, umtazame utosini, nyuma ya masikio, mgongoni, kati ya vidole, chini ya kucha, unyayo wote. Doa usilolielewa lipige picha kwa simu, sarafu ikiwa kando yake, ili mwezi ujao ujue kama limekua.

Na ukimsindikiza kliniki wiki hii, mvue viatu na soksi kabla daktari hajaingia. Akiuliza kwa nini, mwambie mmekuja kukaguliwa ngozi, na msitoke mpaka ikaguliwe.