Fedha na Mtoto wa Kuasiliwa Nje ya Nchi



Ndugu wapendwa, hapa Katavi, ambako makazi ya Katumba na Mishamo yaliwapokea wakimbizi wa Burundi tangu miaka ya 1970, twajua kuwa mtoto aweza kuvuka mpaka na akalelewa na jirani pasipo malipo. Kwingineko sivyo. Huko Marekani, kumwasili mtoto wa nchi nyingine mara nyingi hugharimu zaidi ya dola 20,000: wakala, wanasheria, tafsiri za hati, nauli. Mengi kati ya hayo ni ujira halali. Lakini fedha nyingi zikisubiri, mtoto hutafutwa, na asiyekuwa yatima hufanywa yatima. Mwaka 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, pamoja na wakili mmoja na mshirika wake. Wazazi wa vijijini walikuwa wameahidiwa kwamba watoto wao wangesomeshwa Kampala. Ethiopia ilikwisha kuufunga mlango huo mwaka 2018.

Kwetu, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, amri ya kuasili hutolewa na Mahakama. Basi mgeni akifika kigangoni na bahasha ya “shukrani” (na bahasha hizo huwa nene), viongozi wa jumuiya ndogondogo tusiipokee. Tumpeleke kwa Ofisa Ustawi wa Jamii, tena siku hiyohiyo.