Sifa ya Mtafiti Ipimwe kwa Kipimo Gani?



Kila askari analifahamu daftari la matukio lililoko kituoni. Tukio lisiloandikwa humo ni vigumu kulithibitisha mbele ya sheria. Hata hivyo, kila askari anafahamu pia kwamba kituo kilichofungua majalada mengi kwa mwaka si lazima kiwe ndicho kilichowapa raia usingizi mwema. Yamkini doria ilikuwa hafifu, na ndiyo sababu majalada yakawa mengi. Hesabu ni shahidi mzuri, lakini shahidi hapewi kiti cha hakimu.

Leo tunataka kulitazama jambo hilo katika uwanja wa watafiti wa tiba, ambao kazi yao inaigusa afya ya kila askari aliyepata kulala lindoni penye mbu.

Mtafiti wa maradhi naye ana daftari lake. Akimaliza uchunguzi wake huandika makala. Makala hayo hukaguliwa na wataalamu wenzake, kisha huchapishwa katika jarida. Mtafiti mwingine akiyatumia, hana budi kuyataja. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha fahirisi iliyoonyesha ni nani aliyemtaja nani katika maandishi ya sayansi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kipimo kinachoitwa h. Mtafiti mwenye makala 20, ambayo kila moja imetajwa na wengine si chini ya mara 20, hupewa alama 20.

Nia ya mwanzo ilikuwa njema. Fahirisi ilimsaidia msomaji kufuata nyayo za wazo kutoka kitabu hadi kitabu. Lakini baadaye, katika vyuo na taasisi nyingi, nyayo hizo ziligeuzwa kuwa mizani ya kupimia watu. Vyeo na fedha za utafiti vikaanza kugawiwa kwa kutazama idadi ya makala na idadi ya kutajwa. Hapo ndipo penye mushkeli.

Ili tusizungumze hewani, tuitazame wilaya moja ya jirani zetu wa Zambia. Wilaya ya Nchelenge iko katika mkoa wa Luapula, kando ya Ziwa Mweru, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Ndani ya wilaya hiyo yamo makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 ili kuwapokea wakimbizi wa Kongo, wengi wao kutoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Kwa hiyo Kiswahili ni lugha inayosikika huko. Malaria nayo haina likizo katika mwambao huo; huwapata watu mwaka mzima. Kwa sababu hiyo Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Nchi za Joto, chenye makao yake Ndola, kimefanya kazi Nchelenge kwa miaka mingi pamoja na wataalamu wa nchi nyingine.

Mwaka 2016 yalitoka makala mawili yaliyotokana na kazi ya wilaya hiyo. La kwanza liliongozwa na Enesia Banda Chaponda wa Chuo Kikuu cha Zambia, likachapishwa katika jarida la Marekani la tiba ya nchi za joto. Wajawazito 1,086 waliokuja kliniki kwa mara ya kwanza walipimwa malaria, na pia magonjwa ya zinaa na maambukizi mengine ya njia ya uzazi yanayotibika. Kati ya 1,071 waliopata majibu kamili, asilimia 38.7 walikuwa na vyote viwili kwa pamoja: vimelea vya malaria na angalau maambukizi mamoja ya aina ile ya pili. Waliokutwa salama kabisa walikuwa asilimia 16.4 tu. Hii ina maana kwamba katika kila wajawazito sita, ni mmoja tu aliyekuwa hana lolote kati ya maradhi hayo. Nayo ni maradhi yanayoweza kuharibu mimba, au kumfanya mtoto azaliwe njiti au akiwa na uzito mdogo.

La pili lilikuwa la jaribio lililoitwa PREGACT, lililofanywa katika nchi nne: Burkina Faso, Ghana, Malawi na Zambia. Kwa upande wa Zambia, kazi ilifanyika Nchelenge. Wajawazito 3,428 wenye malaria, wa miezi ya kati na ya mwisho, walitibiwa kwa aina nne za dawa ya mseto. Aina zote zilionyesha nguvu, kwani kiwango cha kupona kilikuwa kati ya asilimia 94.8 na 99.2. Tofauti kubwa ilikuwa katika muda wa kinga baada ya tiba na katika madhara madogo madogo ya dawa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la tiba la New England, ambalo ni miongoni mwa majarida yanayosomwa zaidi duniani.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuiache mizani ya kutajwa ifanye kazi yake. Makala ya PREGACT yana faida ya kusomwa kila pembe ya dunia. Makala ya Chaponda yamo katika jarida la wataalamu wa fani moja. Atakayehesabu bila kusoma atasema la kwanza lina uzito na la pili ni jepesi. Lakini mkunga wa Kashikishi anayempokea mjamzito leo anayahitaji yote mawili. Moja linamwambia dawa ipi hutibu, na jingine linamwambia kwamba mama huyo huenda ana ugonjwa mwingine ambao hakuutaja, na ambao pengine hata yeye mwenyewe haujui.

Tena makala ya Chaponda hayakufia kabatini. Baada yake lilipangwa jaribio kubwa zaidi, liitwalo ASPIRE, katika wilaya ile ile ya Nchelenge, la kuwaandikisha wajawazito zaidi ya 5,000 ili kuona kama dawa za kukinga malaria zikitolewa pamoja na dawa ya maambukizi ya uzazi zitawanusuru watoto. Kutajwa kwa namna hiyo ndiko kwenye thamani, maana mtu amesoma, ameamini, kisha amechukua hatua.

Kuna kutajwa kwa namna nyingine pia. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza alichapisha makala yaliyozusha hofu juu ya chanjo ya surua. Yalitajwa mara nyingi mno, na wengi waliyataja ili kuyapinga. Mwaka 2010 jarida la Lancet liliyafuta. Mashine ya kuhesabu haiulizi kama mtu ametajwa kwa kusifiwa au kwa kulaumiwa.

Na wapo waliofanya kazi kubwa bila kutajwa kabisa. Mfano huu unawahusu wanajeshi moja kwa moja. Mwaka 1967, vita vya Vietnam vikiendelea, malaria ilikuwa ikiwaangusha askari porini. Serikali ya China ikaanzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa, ikaiita 523 kwa kuwa ilianza tarehe 23 Mei. Bibi Tu Youyou na wenzake wakaipata artemisinini kutoka katika mmea wa kienyeji. Taarifa ya kwanza juu ya umbile la dawa hiyo ilipochapishwa mwaka 1977, iliwekwa jina la kundi, bila jina la mtu mmoja mmoja. Kwa mizani ya kutajwa, bibi huyo asingeonekana. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Dawa ya mseto wanayopewa askari na raia wa nchi zetu, na zile aina nne zilizojaribiwa Nchelenge, zote zimetokana na kazi hiyo.

Hatusemi kwamba mtafiti asiandike. Kazi isiyoandikwa hupotea pamoja na mwenyewe, kama doria isiyotolewa taarifa. Tunachosema ni kwamba wenye madaraka ya kupandisha vyeo na kugawa fedha wasome kazi yenyewe kabla ya kuhesabu. Mwezi Desemba 2012, huko San Francisco, wahariri na wanasayansi walikubaliana kwamba sifa ya jarida isitumike badala ya ubora wa makala, wala isiwe kipimo cha mtu. Azimio hilo ni la haki, nasi Waafrika tuna sababu ya kulishika zaidi. Mtafiti wetu anayechunguza maradhi ya wilaya moja ya pembezoni hana wasomaji wengi, lakini wagonjwa anao tele.

Mtafiti naye ana deni. Damu iliyotolewa na mama wa Nchelenge ndiyo iliyozaa makala. Kwa hiyo majibu hayana budi kumrudia kwa lugha anayoifahamu, kupitia kliniki yake. Makala yakitajwa mara mia moja huko ng'ambo, na mkunga wa hapo asiambiwe kitu, kazi hiyo imekamilika nusu.

Nanyi askari mnaolinda mipaka na kando za maziwa, siku mtakapoombwa kushiriki katika utafiti, ulizeni maswali mawili kabla ya kukunja mkono wa shati: unachunguza nini, na majibu yatarudi wapi? Mtafiti mwema hatachukia kuulizwa. Na usiku mnapopumzika baada ya lindo, shusheni vyandarua. Mkipewa dawa ya mseto, mmeze dozi yote hata kama homa imekwisha. Mtu akifanya hivyo, kazi ya mtafiti imefika ilikokusudiwa, ingawa hakuna fahirisi itakayoihesabu.